Mrudishie Zuhura usingizi wake kwanza

Makorora, Tanga

Shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, baba watoto na wanao wote hapo Mbagala mu wazima. Sisi huku hatujambo, tunashukuru, ila joto la kaskazi mwaka huu limetukalia kweli kweli. Barua yako nimekabidhiwa na mdogo wako alipopita kwenda Muheza. Nimeisoma, nikaiweka, nikairudia tena usiku watoto walipolala, maana niliona jinsi ulivyoumia. Mtoto aliyekuwa anaongoza darasa la saba, leo yuko kidato cha tatu analeta F ya Biolojia na D ya Hisabati. Mwalimu wa darasa anakuita kukwambia binti anasinzia kipindi kizima, na nyumbani ukimgusa kidogo anawaka.

Umeniuliza mambo mawili: umtie tuisheni ya usiku, na umnunulie kishikwambi chake mwenyewe asomee. Jibu natanguliza, maelezo yatafuata. Usitoe hata shilingi kwa lolote kati ya hayo kabla hujamrudishia usingizi wake. Umeniandikia, tena kwa kupitia tu, kwamba Zuhura analala saa 7 usiku na kuamka saa 10 na nusu alfajiri ili awahi daladala. Hapo ndipo mie niliposimama. Hizo ni saa tatu na nusu, shoga yangu. Mwaka 2016 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo wakakubaliana kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Zuhura hafikishi hata nusu ya kiwango cha chini. Ukimwongezea tuisheni inayoisha saa 3 usiku, akirudi ale, aoge, afanye kazi za shule, hiyo saa 7 itakuwa saa 8.

Najua utasema mbona sisi tulikesha na vibatari na tukafaulu. Tulikesha wiki ya mtihani. Hatukukesha mwaka mzima. Siku nyingine zote koroboi ikizimwa saa 3, nyumba nzima imelala.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuuona usingizi kama muda uliopotea. Mwanafunzi akilala mapema tunamwita mvivu, akikesha tunamsifu. Mie nafundisha Biolojia, na hili nalisema darasani kila mwaka: somo la mchana halijakamilika mpaka mtu alale. Ndani ya ubongo, kushoto na kulia, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Mambo mapya ya mchana hushikwa kwanza hapo, na hayakai sana. Usiku, usingizi ukiwa mzito, ubongo huyarudia na kuyahamishia taratibu kwenye gamba la nje, na huko ndiko yanakodumu. Mwaka 1994 watafiti Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliliona kwa panya: seli za hipokampasi zilizokuwa zinafanya kazi pamoja mnyama alipokuwa anatembea, zilifanya kazi pamoja tena alipolala. Panya alikuwa anarudia safari yake usingizini.

Na zamani zaidi, mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Mara nyingine waliwaacha macho, mara nyingine wakawalaza, kisha wakawauliza baada ya saa 1, 2, 4 na 8. Walipokaa macho walisahau mengi zaidi kuliko walipolala. Ni watu wawili tu, lakini miaka mia moja ya utafiti uliofuata imezidi kuutia nguvu ukweli huo.

Tena usiku haufanani mwanzo na mwisho. Usingizi mzito mwingi uko sehemu ya kwanza, na usingizi wa ndoto unarefuka kuelekea alfajiri. Ndiyo maana kuamshwa saa 10 na nusu kunamkata mtoto kile kipande cha mwisho hata kama angelala mapema kidogo, na hasira zake unazozilalamikia zina uhusiano mkubwa na hilo. Usimwite ana kiburi kwanza. Mtu mzima akilala saa tatu na nusu kwa siku tano mfululizo naye hashikiki.

Ngoja nikueleze niliyoyaona Jumatatu. Nilikuwa na kidato cha tatu, kipindi cha baada ya mapumziko, chumba chetu kile kinachopigwa na jua upande mmoja. Nefroni, kile kichujio kidogo sana cha ndani ya figo, tulishaichora wiki iliyotangulia, nikawaambia wafunge madaftari waichore kwa kumbukumbu. Kuna msichana wa dawati la mbele, hodari, daftari lake safi, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, michoro kwa penseli iliyochongwa vizuri. Akachora kapsuli ya Bowman, akateremsha mrija kidogo, penseli ikasimama. Anaitazama karatasi, macho mekundu, kope zinashuka, anazipandisha kwa nguvu, zinashuka tena. Nikainama nikamuuliza taratibu jana alilala saa ngapi. Akanijibu bila kuficha: "Mwalimu, kifurushi cha usiku kinaanza saa 6."

Nilibaki nimesimama pale. Mtoto hana hela ya bando la mchana, bando la usiku ni nafuu, kwa hiyo anajilaza mapema kidogo, anaamka saa 6, anajiunga, kisha anakaa na simu chini ya neti mpaka kifurushi kiishe. Mchana hana intaneti, usiku anayo kwa wingi. Bei yenyewe ndiyo inayompangia ratiba ya kulala. Nimewauliza wengine darasani wanyooshe mikono, na mikono ilikuwa mingi. Na Zuhura, naomba umuulize kwa upole anajiunga saa ngapi. Huenda ukapata jibu la saa 7 lilikotoka.

Sasa ukisikia watu wanasema tatizo ni mwanga wa simu, wana ukweli ndani yake. Mwaka 2002 watafiti walithibitisha kwamba ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kuupima mwanga na kuueleza ubongo kwamba ni mchana au usiku, na mwanga wa buluu ndio unaoziamsha zaidi. Ubongo ukidhani bado mchana, homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala, inachelewa. Kwa kijana ni zaidi, kwa sababu balehe yenyewe inaichelewesha saa ya mwili, melatonini inaanza kutoka kwa kuchelewa kuliko ya mtoto mdogo au ya mtu mzima. Kwa hiyo Zuhura akikwambia saa 3 hasikii usingizi, haongopi. Sisi watu wa pwani hii tuna bahati ambayo hatuifikirii: jua letu linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, saa 12 na kitu, na kiza kinaingia upesi. Mwili ukiachiwa unajua la kufanya.

Lakini kwa maoni yangu mwanga ni sehemu ndogo. Kubwa ni kilichomo ndani ya simu. Zamani kidogo ukisoma kitu mtandaoni ukurasa ulikuwa unaisha, unabonyeza kwenda wa pili, na pale mwishoni ulipata nafasi ya kujiuliza kama unataka kuendelea. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ukurasa usioisha: unateremka na kidole, na vingine vinajileta vyenyewe. Baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia. Ukiongeza na video fupi zinazoanza bila kuombwa, ile sekunde ya kujiuliza imeondolewa kabisa. Halafu hujui kinachofuata. Mara kitu cha kuchekesha, mara cha hovyo, mara picha ya mwenzake wa darasani akiwa Coco Beach. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa miaka mingi kabla ya simu kwamba chakula kisichotabirika kinamfanya njiwa adonoe bila kuchoka kuliko chakula cha kila mara. Ukiliweka hilo mkononi mwa mtoto wa miaka 16, saa 6 usiku, peke yake, kisha ukamwambia ajizuie, unamwonea. Watu wazima wenye ndevu wanashindwa.

Na hapa, shoga yangu, unisikilize bila kukasirika. Ujumbe wako wa sauti wa juzi ulinifikia saa 6 na dakika 40 usiku, na nyuma ya sauti yako nilisikia mlio wa grupu la kikoba. Zuhura analala chumba cha pili. Anakusikia. Hutaweza kumwondolea simu chumbani ilhali yako iko chini ya mto. Kama mtaanza, muanze wote, na baba yake pia na mpira wake.

Kuhusu tuisheni. Siikatai kabisa, mie mwenyewe nimefundisha tuisheni za Jumamosi asubuhi na nimeona zikisaidia. Ninayoikataa ni ya usiku, na ile ambayo watoto sitini wanakaa kwenye mabenchi wakinakili ubaoni. Zuhura ananakili vya kutosha shuleni. Anachokosa ni kujiuliza na kujijibu. Unakumbuka madrasa yetu pale Ngamiani? Mwalimu hakukupa aya mpya hata siku moja kabla hujamsomea ya jana, na kila baada ya muda alikurudisha nyuma sana, murajaa, mpaka sura ulizodhani umeshazisahau. Tulimwona mkali. Alikuwa anafanya kitu ambacho baadaye maabara zimekipima. Mwaka 2006, huko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandiko ya kusoma. Kundi moja likayasoma tena na tena, kundi jingine likasoma kisha likajipima kwa kuandika kila linachokumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walionekana bora. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Wanafunzi wangu wengi wanadanganyika hapo. Wanasoma daftari mara nne usiku wa kuamkia jaribio, kila mstari wanautambua, wanajiona wanajua. Kutambua mstari ulioko mbele ya macho yako na kuutoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni mambo mawili tofauti.

Kwa hiyo mfundishe hivi. Akirudi shule, akishakula na kupumzika, achukue somo la siku hiyo, afunge daftari, aandike kwenye karatasi chakavu kila anachokumbuka, hata kama ni mistari mitatu. Ndipo afungue na kujaza kwa kalamu ya rangi nyingine. Ile rangi nyingine ndiyo inayomwonyesha pa kusoma. Kesho yake arudie kwa dakika chache, na wiki ijayo tena. Haihitaji hela, haihitaji bando, na inaisha mapema.

Kishikwambi nacho nina la kusema, maana mie ninacho, katika vile tulivyogawiwa walimu baada ya kutumika kwenye Sensa ya 2022. Kinanisaidia sana. Mchoro wa moyo unaopiga, damu ikiingia na kutoka, huwezi kuuchora ubaoni kwa chaki ukaeleweka namna ile. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na mitihani iliyopita inapatikana. Kwa hiyo siogopi kifaa. Nikiwaona wazee wanaodhani dawa ni kuvunja simu huwa siwaungi mkono, mtoto huyu kesho ataajiriwa kwenye dunia ya vifaa hivi na anahitaji kuvijua. Ila kifaa cha kusomea kikae sebuleni, kitumike akiwa na kazi inayojulikana, milio yote ya taarifa izimwe, na kikimaliza kazi kizimwe. Ukimnunulia cha kwake cha kulala nacho, umempa simu ya pili yenye kioo kikubwa zaidi. Na kwa sasa hata hakihitajiki, simu yako ukiiweka mezani saa moja jioni inatosha.

Jambo jingine lililonishtua kwenye barua yako ni ile chai ya rangi nzito anayokunywa jioni "ili asisinzie," na zile chupa za vinywaji vya kuongeza nguvu. Hapa Tanga vijana wananunua madukani jirani na shule wakati wa mitihani, nawaona. Kafeini, ile kemikali iliyomo kwenye chai na vinywaji hivyo, haimpi mtu nguvu yoyote. Mchana kutwa ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini inakaa mahali pa adenosini, usingizi haujisikii, lakini deni liko pale pale. Na haitoki haraka: kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya kama saa 5 nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha saa 11 jioni, saa 4 usiku nusu yake bado inafanya kazi. Mpe chai yake asubuhi na maandazi, mchana pia akitaka. Baada ya Alasiri iwe basi.

Sitaki kukuchosha na habari za michezo, ila usimfungie ndani kwa jina la kusoma. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Huku kwetu wengi wanakwenda shule kwa baiskeli, kutoka Mikanjuni, kutoka Mwanzange, na hiyo peke yake imeshawasaidia. Mwanga wa mchana nao unafaa macho. Kule Guangzhou, China, watoto wa shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha wachache zaidi kati yao walipata tatizo la kutoona mbali. Mwache atoke jioni acheze netiboli na wenzake. Kisha mwanga wa asubuhi unaiweka sawa ile saa ya mwili niliyokueleza, kwa hiyo kwenye daladala akipata siti ya dirishani ni kheri.

Sasa ufanyeje hasa. Usimnyang'anye simu kwa ghafla, utaanzisha vita na atakuficha. Mketi naye siku ya Jumapili, umweleze haya niliyoyaandika, ikibidi umsomee barua hii. Ni mtoto mwenye akili, na Biolojia ya usingizi itamhusu kuliko mahubiri. Mkubaliane chaja zote ziwe sebuleni, za watu wazima pia, na saa 3 usiku kila simu iende huko. Atakwambia simu ndiyo saa yake ya kumwamshia. Basi mnunulie saa ya mezani ya kengele, hizo bado zinauzwa Kariakoo kwa bei ndogo. Bando mpe dogo la mchana, la jioni mapema, ili asiwe na sababu ya kungoja saa 6 kujiunga. Ratiba yenu ya asubuhi nayo muitazame upya: kama sare na mkoba vinaandaliwa usiku, na kama baba yake anaweza kumshusha kituo cha mbele kwa pikipiki, anaweza kuamka saa 11 kamili. Nusu saa hiyo ni kubwa. Akiingia kitandani saa 3 ana saa 8. Na aoge maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, mwongezee feni kama ipo, kwa sababu mwili huwa unapoza joto lake la ndani ndipo ulale vizuri, na kwenye vyumba vyetu vya bati wakati wa kaskazi hilo si jambo dogo.

Siku za kwanza atajigeuzageuza mpaka saa 5. Usikate tamaa na usimgombeze. Saa ya mwili inarudi taratibu, dakika chache chache, na Jumamosi asiachwe alale mpaka saa 6 mchana, atairudisha nyuma kazi yote. Kama mtakwenda hivi mwezi mzima na bado yuko mnyonge, hataki kula, hataki wenzake, mpeleke hospitali akaonane na daktari, usibaki kumsema. Na mwambie mwalimu wake wa darasa unachofanya. Mie ningekuwa mwalimu wake ningependa sana kujua.

Likizo ya Juni mlete huku. Nina karatasi za mitihani iliyopita za Biolojia na Kemia, nitakaa naye asubuhi asubuhi tukiwa na akili freshi, jioni nitamtembeza Raskazone na binti zangu. Simu yake italala kwenye kabati langu pamoja na ya kwangu, nimeshamwambia mwanangu mkubwa na amekubali na yeye ataweka yake.

Niandikie ukishakaa naye hiyo Jumapili, unieleze amesemaje kuhusu bando la usiku, na usinifiche kitu. Msalimie baba watoto, mpe pole ya mgongo. Mama yangu anakusalimu sana, anauliza ule mkeka wake wa ukindu utaletwa lini.

Wako daima,
Mama Swaleh